Hakamu wa Upande wa Mume

Mahakama ilipomwita Yaqoob mara ya kwanza, Yaqoob aliufuta mwito wenyewe. Ulikuja kwa meseji asubuhi, kwa Kiarabu cha serikali kilichonyooka mno, ukimtaka afike Jumapili kama hakamu katika kesi ya ndoa. Yaqoob alikuwa mstaafu wa idara ya simu, na alikuwa keshaonywa na kila mtu kuhusu matapeli wanaojifanya benki, posta na polisi. Akasema moyoni, leo wamejifanya mahakama, wana roho hawa. Akafuta meseji, akaendelea na chai yake.

Siku ya pili yake alipigiwa simu na karani, kijana mwenye sauti ya usingizi. "Wewe ndiye Yaqoob bin Muslim?" Yaqoob alisimama wima sebuleni kwake Mabela, kana kwamba karani anamwona. Akili yake ikapita haraka juu ya dhambi zake zote: faini ya gari, ukuta wa jirani, maneno aliyomwambia mlinzi wa hospitali. Karani akamtuliza. Hakushtakiwa kwa lolote. Mume na mke wanapogombana na ukweli haujulikani, kadhi huchagua mtu mmoja wa upande wa mume na mmoja wa upande wa mke. Watu hao wawili huitwa mahakamu. Wanakaa na wanandoa, wanawasuluhisha. Wakishindwa, wanarudi kwa kadhi kumwambia madhara yanatoka kwa nani.

"Na hawa mume na mke ni nani?" Yaqoob akauliza.

"Hatem bin Maan," karani akasoma, "na mkewe, Shatha."

Yaqoob akakaa chini. Hatem alikuwa mtoto wa marehemu ndugu yake, amelelewa ndani ya nyumba hii hii. Shatha naye alikuwa mtoto wa marehemu dada wa mkewe Yaqoob, Nasriya. Ndoa yao ilipikwa humu humu. Nasriya mwenyewe ndiye aliyekwenda huku na huku na maneno ya posa. Yaqoob na mkewe hawakujaaliwa mtoto, na waliwaozesha hawa wawili kwa furaha ya watu wanaoozesha mara mbili kwa siku moja.

Nasriya alipoambiwa, alilikamata lile lililomuuma yeye. "Shatha kenda mahakamani bila ya kunambia mie?" alisema. "Mie niliyemkosha maiti mama yake?" Akakaa kwenye kiti cha jikoni na kitambaa cha vyombo mkononi mpaka adhuhuri.

Baada ya magharibi Hatem akapiga simu, kama kawaida yake. Isipokuwa wiki ile Yaqoob alipolazwa hospitali, hapana siku ambayo Hatem hakupiga. Saa hiyo ilikuwa ndiyo saa nzuri ya Yaqoob. Alikuwa akiiweka simu karibu na buli la kahawa, anavaa miwani ingawa hakuhitaji miwani kusikiliza, na anangoja. Hatem alikuwa na kipaji cha kusema. Alifanya kazi kampuni ya bima huko Ruwi, na kila mteja alimgeuza kisa. Alimweleza ammi yake alichokula, anachotamani kula, nani kamkasirisha, atakwenda wapi kesho. Yaqoob kazi yake ilikuwa kusema "ehe" na kucheka.

"Mimi ndo niliyekutaja wewe, ammi," Hatem alisema jioni ile. "Kadhi kaniuliza, nani wa upande wako? Nikamwambia, nnaye mmoja tu. Nani mwengine nnaye mie?"

Yaqoob akajimiminia kahawa nyingine, kwa raha.

"Na leo nna hamu ya samaki wa kupaka, ammi," Hatem akaendelea. "Lakini nazi iwe nzito, si ile ya juzi kama maji ya kunawa."

"Ehe," Yaqoob akasema, akacheka.

*

Hakamu wa upande wa mke alikuwa Salem, kaka yake Nasriya. Salem alikuwa mkubwa wizarani kabla ya kustaafu, na ukubwa ule alikuwa bado hajauvua. Alifika mahakamani na kilemba cha rangi ya zabibu na harufu ya udi iliyotangulia mbele yake kwenye korido.

Ukoo wa Nasriya walikuwa watu wa Unguja, watu wa mjini, na Yaqoob alizaliwa Tabora. Jambo hilo kwenye karatasi za serikali halikuwa na maana yoyote, wote ni Waomani. Kwenye karamu za familia lilikuwa na maana tangu siku alipooa.

"Shemegi," Salem alimwambia, mkono begani, mbele ya watu waliokaa kungoja, "kadhi akikuuliza kitu, usije ukamjibu Kinyamwezi." Akacheka. Yaqoob naye akacheka, kama alivyocheka miaka yote.

Kadhi alikuwa mdogo kuliko wao wote wawili, mtu mwembamba mwenye miwani na sauti ya chini. Aliwaambia kwamba wao si mawakili. Huyu hakuja kumtetea mume, na yule hakuja kumtetea mke. Wanachokisikia katika vikao vyao kitabaki kwao mpaka watakapokuja kumwambia yeye. "Mtasimama mbele ya Mungu kwa hili kabla ya kusimama mbele yangu," alisema. Salem alisema "naam" haraka, kama mtu anayetia sahihi. Yaqoob aliyasikia maneno yale kwa mwili mzima. Katika ukoo ule hapana aliyewahi kumuuliza rai yake hata juu ya ng'ombe wa kuchinja.

Nje, kwenye maegesho, Salem alikuwa keshaimaliza kesi. "Shughuli ndogo hii. Tunawaweka chini, tunawapa nasaha, wanarudi nyumbani kwao, khalas. Nna harusi ya binti yangu Lamya mwezi ujao, sitaki mji mzima uzungumze talaka."

*

Wakakutana kwenye majlisi ya Salem, chumba chake cha wageni. Ikawekwa halua, tende, kahawa, matunda yaliyokatwa na kupangwa, na kwa muda kikao kile kikafanana na ziara ya Idi. Hatem aliingia akiwa amenawiri, akambusu Salem begani, akambusu ammi yake kichwani, akasimulia kisa cha mteja aliyetaka kulipwa bima ya gari aliloliuza. Salem alicheka mpaka akashika mbavu. Shatha alikaa karibu na mlango, na abaya lake limefungwa mpaka shingoni, mikono mapajani.

"Haya, mwanangu," Salem akamgeukia, bado anafuta macho. "Sema. Kakupiga?"

"Hajanipiga, mjomba."

"Kakunyima chakula? Nguo?"

"Hajaninyima."

"Anakunywa? Ana mwanamke?"

"La. Sidhani."

"Sasa sisi tumeitiwa nini?"

Shatha alimtazama mjomba wake, kisha akamtazama Yaqoob. "Hanisemeshi," alisema.

Hatem akafungua mikono yake miwili. "Mimi? Mimi nisiyenyamaza hata msikitini?" Salem akacheka tena. Na Yaqoob, Mungu amsamehe, naye alicheka, kwa sababu jambo lenyewe halikuwa na akili. Alikuwa hata sasa anayo masikioni mazungumzo ya jana.

"Tangu siku ile ya chakula, hapa hapa kwako, mjomba," Shatha alisema. Sauti yake haikupanda. "Idi ya mwaka jana. Alikuwa anahadithia alivyomjibu mkubwa wake kazini mpaka akamnyamazisha. Nikasema, mbona ulirudi nyumbani unalia? Nlifanya mzaha tu. Watu wakacheka. Toka siku ile hajanambia neno. Hata jina langu."

Yaqoob aliikumbuka siku ile. Alikikumbuka na kile kicheko. Akamwangalia Hatem, na kwa nukta moja aliona uso wa mtoto aliyekuja kwake na sanduku moja baada ya mazishi ya baba yake, uso uliokataa kulia mbele ya wageni. Kisha uso ule ukapotea, na Hatem akachukua tende.

"Yamekwisha hayo," Hatem alisema. "Nnamsemesha. Mke wangu, nisimsemeshe?"

"Basi msemeshe, tumekwisha," Salem akasema, akasukuma sahani ya halua mbele. "Na weye mwanangu, mwanamume hakatizwi maneno mbele za watu. Hili ni la kwenda mahakamani?"

Yaqoob akakohoa. "Tuwatembelee nyumbani kwao," alisema. "Kabla ya kumwambia kadhi tumemaliza."

Salem alimtazama kama mtu aliyesikia kiti kikisema. "Haya," alisema. "Jumatano basi. Kama huna kazi nyingine."

*

Nasriya alimngoja mlangoni. "Kasema nini?"

"Siwezi kusema. Kadhi katukataza."

"Kadhi ndo anayekupikia?"

"Nasriya, nimekatazwa."

"Yule ni mtoto wa dada yangu! Hana mama, hana baba, nnataka kujua anateswa au hateswi, na mume wangu ndo anayejua na hanambii." Akamtazama kwa muda mrefu. "Unamkingia Hatem. Wako wako."

Alimwandalia chakula chake sebuleni, sahani moja, akaenda kula jikoni. Kesho yake vile vile. Nyumba yao ilikuwa kubwa, iliyojengwa kwa matumaini ya watoto, na watu wawili wakinuniana ndani yake wanaweza kupita kutwa bila ya kukutana. Yaqoob alisikia maji yakifunguliwa, mlango ukifungwa, televisheni ya Nasriya ikicheka peke yake. Hakuwahi kumficha mkewe jambo, na sasa aligundua kwamba hakuwa na rafiki mwengine wa kumfichulia. Alikuwa na Nasriya, na alikuwa na simu ya baada ya magharibi.

Kwa hivyo simu ile aliishika kwa mikono miwili. Jumanne Hatem alisema juu ya mkubwa wake, juu ya joto, juu ya barabara. "Na kesho, ammi, baada ya kazi ndo utakuja kwetu, karibu sana. Asubuhi nna mkutano, nnataka kuvaa ile kanzu yangu ya rangi ya maziwa. Ile yenye kishada kirefu."

"Itakupendeza," Yaqoob akasema. Alipokata simu alibaki anatabasamu. Si kila mzee ana mtu wa kumweleza hata habari za kanzu yake.

*

Hatem na Shatha walikaa Ruwi, orofa ya tatu, juu ya duka la mapazia. Yaqoob alikuwa hajapata mahali pa kuegesha gari Salem alipompigia. Amefiwa na mtu wa kazini kwake wa zamani, lazima ende kutoa mkono. "Nenda weye, shemegi. Utakaloliona, mie nnakubaliana nalo."

Hatem alimfungulia mlango akiwa amevaa kanzu ya rangi ya maziwa. Akamkalisha penye upepo wa kiyoyozi, akamletea mto wa mgongo. Nyumba ilikuwa safi kupita kiasi. Jikoni mlango ulikuwa wazi, na Shatha alikuwa amesimama pale mlangoni, ameshatoa salamu yake.

"Shatha," Hatem aliita kwa sauti nzuri, ya kawaida kabisa, "mletee ammi kahawa."

Shatha akageuka nyuma.

Aligeuka akatazama jikoni, pale penye friji na ndoo na dirisha, kutafuta nani anayeitwa. Hapakuwa na mtu. Akarudisha uso wake pole pole, akaweka mkono kifuani. "Mie?" aliuliza.

"Nani mwengine?" Hatem akacheka.

Akaenda kuileta kahawa. Yaqoob alikipokea kikombe akakiweka chini bila ya kuionja. Alikuwa amekuja kutafuta ushahidi kwa maswali, na amepewa bila ya kuuliza. Mtu anaweza kujifunza kulia, anaweza kujifunza kulalamika, lakini kule kugeuka hakufundishwi na mtu. Jina la mwanamke yule lilikuwa limekaa muda mrefu bila ya kuitwa ndani ya nyumba yake mpaka mwenyewe hakulidhania kuwa ni lake.

Honi ikalia chini, ndefu, yenye hasira. Gari la Hatem lilikuwa limeziba la mtu. Alishuka huku akiomba radhi. Yaqoob akainuka akauacha wazi mlango wa ngazi, kwa heshima, akarudi kukaa mbali. Shatha hakukaa.

"Ammi, jana alikupigia?"

"Hunipigia kila siku, mwanangu."

"Najua. Alikwambia leo atavaa kanzu ya maziwa." Yaqoob akamtazama. "Nliipiga pasi jana hiyo hiyo, ilipokatika simu. Na ile siku alikwambia samaki wa kupaka, nazi nzito. Nlipika. Alikwambia Alkhamisi iliyopita wageni wake watakuja, watu wanne. Nliwaandalia." Alisema bila ya hasira, kama mtu anayesoma bei za vitu sokoni. "Anakaa hapo ulipokaa wewe. Mie nipo jikoni, mlango wazi. Anasema mpaka anajua nimesikia. Unadhani anakwambia wewe, ammi. Mie ndo nnayeambiwa."

Yaqoob akasogea kutoka pale alipokaa.

"Ulipolazwa hospitali mwezi wa Shaabani, hakuwa na wa kumpigia," Shatha akasema. "Wiki nzima nlikuwa sijui atarudi au hatarudi, atakula au hatakula. Nlikuombea upone, wallahi. Nlikuwa naisubiri simu yenu kuliko unavyoisubiri wewe."

Hatua za Hatem zikasikika kwenye ngazi, zinapanda mbili mbili, na sauti yake ikimtania mtu wa chini. Shatha akachukua kikombe cha Yaqoob, kilichokuwa bado kimejaa, akaingia jikoni.

*

Jioni ile simu ililia kwa saa yake. Yaqoob aliiangalia ikilia. Nusura asiipokee, kisha akamfikiria yule aliyesimama jikoni.

"Ammi! Umefika salama? Umeona mwenyewe, sisi tuko raha mustarehe." Sauti ilikuwa ile ile, yenye kicheko pembeni, sauti aliyoingoja kila siku. Lakini sasa Yaqoob aliisikia inavyopita pembeni mwake, inavyokwenda kwa mwengine. "Kesho nnataka chakula chepesi, tumbo haliko sawa. Wali mweupe tu na mtindi."

"Shatha yupo?" Yaqoob akauliza.

"Yupo jikoni."

"Mpe simu nimsalimu."

"Mikono yake ina unga, ammi."

"Basi mwambie wewe. Mwambie, ammi anakusalimu."

Yaqoob alisikia feni ya nyumba ile, na mbali kidogo bomba la maji likifungwa, kana kwamba kuna mtu aliyetaka kusikia vizuri.

"Mwambie, mwanangu," Yaqoob akasema. "Maneno mawili. Mimi nangoja."

"Ammi, simu inakatika katika."

Haikuwa inakatika katika. Ilikatwa mara moja.

Yaqoob alikaa na simu mkononi. Alijua sasa kilichokuwa mbele yake, na alikijua bila ya kujidanganya. Akienda kwa kadhi akasema aliyoyaona, saa ile ya baada ya magharibi imekwisha, na pamoja nayo mtoto pekee aliyemlea. Akinyamaza, simu italia kila siku mpaka afe, na atasema "ehe" na kucheka, na mwanamke mmoja wa Ruwi atakuwa akitegea sikio kwenye mlango wa jiko. Kilichomuuma zaidi kilikuwa cha aibu, na hakuthubutu kukisema: kwamba hata baada ya kujua, bado aliitaka simu ile. Akalia, mtu mzima, na kitambaa mdomoni ili Nasriya asimsikie.

*

"Hapana madhara," Salem alimwambia kadhi. "Hakupigwa, hakunyimwa. Mke ni kijana, ana haraka. Tunawaomba warejee nyumbani kwao kwa wema."

Kadhi aliandika, kisha akamgeukia Yaqoob. "Na upande wa mume mnasema hivyo hivyo?"

Yaqoob alikuwa amejitayarishia maneno ya Kiarabu safi, na yote yakamkimbia. Akaeleza kwa Kiarabu chake cha nyumbani. Akasema juu ya Shatha kugeuka nyuma kuangalia anayeitwa. Kadhi akaacha kuandika. Akasema juu ya samaki na kanzu, na wageni wanne, na mlango wa jiko. Akasema, "Simu ile ni mimi niliyekuwa naipokea. Aliye na mkewe chumba cha pili alipitisha maneno kwangu ili asimsemeshe. Nilikuwa nafurahi."

"Kwa hivyo madhara yanatoka kwa nani?" kadhi akauliza.

"Kwa mtoto wangu."

"Si mtoto wa ndugu yako?"

"Ni mtoto wangu," Yaqoob akasema.

Kadhi alimuuliza Salem kama anayakanusha haya. Salem akashika kilemba chake, akakirekebisha kilichokuwa hakikuharibika. "Sikuwapo siku ile," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo.

Kwenye korido ukubwa ulimrudia. "Umemwaibisha mwanao mbele ya serikali, shemegi. Nyinyi watu wa bara hamjui kusitiri." Watu waliokaa kungoja wakainua macho. Salem alingoja kidogo, pengine alizoea kwamba hapo pana kicheko. Yaqoob akamtazama tu, mpaka Salem akatangulia kwenda zake.

*

Hatem na Shatha wakaachanishwa. Shatha alipata haki zake, akaenda kukaa Salalah kwa dada yake. Nasriya alipata habari kwa wanawake, kama habari zote za mahakama zinavyopatikana. Mchana ule alileta sahani yake sebuleni, akakaa mbele ya mumewe, akala matonge kadhaa kabla ya kusema.

"Ungenambia."

"Kadhi alinikataza."

"Najua. Ungenambia hivyo hivyo."

Yaqoob alijiandaa kwa hasira ya Hatem. Alikuwa tayari kutukanwa, tayari kufungiwa mlango. Alifikiri hasira ni kitu ambacho mtu na mwanawe wanaweza kukipita. Lakini kwenye harusi ya Lamya, Hatem alimjia katikati ya ukumbi wa wanaume, akamkumbatia, akambusu kichwani, akamtafutia kiti. Alisimulia kisa, meza nzima ikacheka. "Ammi wangu huyu," aliwaambia watu. Na alipoondoka alisema, "Ntakupigia, inshallah." Yaqoob akarudi nyumbani mwepesi. Hakukasirika, alimwambia Nasriya kwenye gari, wallahi hakukasirika hata kidogo. Nasriya aliendelea kuangalia barabara.

Magharibi zikapita. Yaqoob aliweka simu karibu na buli, akavaa miwani. Alijiambia Hatem anahama nyumba, kisha akajiambia ana kazi nyingi, kisha kwamba mwezi huu ni wa hesabu kwenye kampuni. Alipokwisha sababu, alipiga mwenyewe. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumpigia Hatem bila ya dharura, na alisikia haya kama mtu anayebisha hodi kwa jirani asiyemjua.

"Ammi," Hatem akapokea. "Kuna jambo?"

"Hakuna jambo. Nimetaka kukusikia."

"Mie mzima."

"Umekula?"

"Nimeagiza."

"Umeagiza nini?"

"Chakula tu, ammi."

Yaqoob akangoja. Aliusikia upande wa pili: feni, na gari zikipita chini. Hatem hakuwa anatafuta njia ya kukata simu, wala hakuwa amenuna. Alikuwa hana la kumwambia.

"Hebu nihadithie," Yaqoob akasema. "Kazini vipi? Yule mkubwa wako?"

"Ammi," Hatem alisema kwa upole, kama mwenye duka anayemweleza mteja kwa nini amefunga, "hapa hamna mtu."

Kisha akasema masalama, na Yaqoob akasema masalama, akaiweka simu juu ya meza kwa uangalifu.

Nasriya alikuwa amesimama mlangoni na sahani ya tende. Masikio ya Yaqoob yalikuwa mazito siku hizi na simu yake ilisikika mpaka uani. Nasriya alikuwapo tangu mwanzo.

"Nani?" akauliza.

"Hatem," Yaqoob akasema. Akavua miwani, akaifuta. "Anakusalimu."

Nasriya akaja akakaa karibu yake, karibu zaidi kuliko kawaida yao. Akaweka tende chini, akavuta buli, akammiminia.

"Alayka wa alayhi ssalaam," alijibu, amani iwe juu yako na juu yake.